Fumanizi la Mtu na Mkewe

Wako wasomi wanaozihesabu picha fupi za kuchekesha za zamani kuwa makombo ya senema: mume kakosea mlango, mke kaficha barua, kelele, kisha mwisho. Hukumu hiyo ni nyepesi. Mwenye kutaka kuipima na aitazame Mighty Like a Moose, picha bubu ya Marekani ya mwaka 1926, ya dakika 20 hivi, iliyoongozwa na Leo McCarey na kuchezwa na Charley Chase pamoja na Vivien Oakland.

Mume ana meno yaliyotokeza nje. Mke ana pua iliyozidi kiasi. Kila mmoja, kwa siri, aenda kutengenezwa uso. Wakutana wakiwa wapya, hawatambuani, wapendezana, na waahidiana kwenda karamuni kwa kujificha. Katika hadithi ya kawaida ya fumanizi, mkosaji ni mmoja na aliyekosewa ni mwingine. Hapa kila mmoja amtoroka mwenzake ili aonane na mwenzake yule yule. Sisi watazamaji tu ndio tujuao, na kujua huko kwatuchekesha. Lakini kicheko kina uchungu ndani yake: watu wa nyumba moja, wakiisha kuondolewa meno na pua, hawakubakiwa na alama ya kujuana. Msomaji atauliza, na sauti je? Picha bubu ina bahati. Swali hilo haliulizwi.

Mume ndiye agunduaye kwanza. Basi atia meno ya bandia, amshitaki mkewe, kisha aigiza mapigano ya mume na hawara, yeye akiwa wote wawili, akipita mara na meno, mara bila meno. Ni sehemu bora ya picha nzima kwa wepesi wa mwili. Ndiyo pia sehemu yake ya dhuluma: kosa ni la wawili, na mmoja amejifanya kadhi. Nadhani mvuto wa picha hizi wakaa hapo hapo, katika mbio zinazomtangulia mtazamaji kabla hajatoa hukumu.

Mwaka 1937 McCarey aliwarudia mume na mke wanaoshukiana, katika The Awful Truth, picha ndefu yenye sauti. Safari hii mke, Irene Dunne, ndiye anayejigeuza: aingia kwa wazazi wa mchumba mpya wa mumewe akijifanya dada yake mume, mwenye makelele na adabu haba, na mume hana budi kuitikia undugu huo.