Jina Jema Hung'ara Gizani? Uhakiki wa Majina ya Rangi za Matumbawe

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakuwahi kuona tangi la kioo lililowashiwa taa ya buluu, ndani yake matumbawe yakitoa mng'aro wa kijani, wa chungwa na wa zambarau. Lau wangaliliona, huenda wangaliuliza kama kinachong'ara ni jina au ni taa. Swali hilo ndilo ninalokusudia kulishughulikia katika makala haya.

Msomaji aliyezoea kukuta tenzi na mashairi katika kurasa hizi atashangaa kuletewa habari za matangi ya maji ya chumvi. Namwomba asubiri kidogo. Kutaja jina ni kazi ya kwanza ya mshairi, na hivi leo wako watu katika Marekani, Ulaya na Asia wanaovitungia majina mapya viumbe ambavyo jamaa zao wamo humu humu mwetu, chini ya ngalawa zetu. Majina hayo ni utungo, na utungo wowote una haki ya kuhakikiwa.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Tumbawe ni mnyama, au tuseme ukoo wa wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja akiwa na kinywa na minyiri. Mfugaji hulikata kama mkulima akatavyo pingili za muhogo: kipande hugundishwa juu ya kijiwe, kikashika, kikakua. Kila kipande ni nafsi ileile ya mzazi wake. Kwa hivyo tumbawe moja lenye rangi ya kupendeza huweza kuenea katika nyumba elfu, na bei ya kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba huweza kufika mamia ya dola. Mbele ya bei kama hiyo, kusema tu "tumbawe la kijani" hakutoshi. Lazima liwepo jina.

Ndipo yalipozuka majina kama "Superman", "Strawberry Shortcake", "Walt Disney", "Pink Lemonade" na "Oregon Tort". Tuyatazame kwa jicho la uhakiki. "Superman" ni tumbawe lenye mwili wa buluu na vinywa vyekundu. Aliyelipa jina hilo aliliona vazi la shujaa wa katuni za Kimarekani, buluu kwa nyekundu, akaliweka juu ya mnyama wa baharini. Hiyo ni sitiari timamu: ni fupi, inaonekana, na asiyewahi kuliona tumbawe hilo huweza kulikisia. "Strawberry Shortcake" ni keki ya stroberi, na "Pink Lemonade" ni sharubati ya ndimu yenye rangi ya waridi. Hapa sitiari inaanza kulegea. Mwenye kutunga ameacha kulitazama tumbawe, anatazama meza ya peremende, na majina ya namna hii yakishakuwa mengi hayatofautishi tena kitu na kitu.

Asidhani mtu kwamba ninakataa rangi kuitwa kwa vitu. Lugha yetu yenyewe imejengwa hivyo. Tukiacha eupe, weusi na wekundu, ambazo zina mizizi yake ya asili, rangi zetu nyingi tumeziazima kwa vitu: kijani kwa jani, manjano kwa bizari, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa majivu, zambarau kwa tunda lake. Tena tuna "damu ya mzee" kwa wekundu uliokolea, jina ambalo mshairi yeyote angejivuna kulitunga. Hata matunda tumeyaita kwa maumbo: embe sikio la punda, ndizi mkono wa tembo. Lakini angalia tofauti. Anayeuziwa embe sikio la punda huweza kulishika na kulitazama akajua kama kweli ni sikio la punda. Jina na kitu vimekaa pamoja sokoni, na mnunuzi ndiye hakimu.

Kwa tumbawe mambo si hivyo, na sababu yake imo katika rangi yenyewe. Sehemu ya rangi hiyo, hasa ile ya kahawia, ni ya vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani ya mwili wa mnyama na kumlisha kwa nguvu za jua. Ile ya kumetameta hutokana na protini za mnyama mwenyewe. Mjapani Osamu Shimomura aliigundua protini ya kwanza ya jamii hiyo katika yavuyavu mwaka 1962, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 1999 Mikhail Matz na wenzake wa Urusi walionyesha kuwa protini za jamii hiyo zimo pia katika jamaa za matumbawe. Protini hizi hupokea mwanga wa buluu na kuurudisha kwa rangi nyingine. Basi badilisha taa, rangi imebadilika. Badilisha chakula kilichomo majini, rangi imebadilika. Kipande kilichokuwa mwezi uliopita keki ya stroberi, mwezi huu huweza kuwa kahawia kama udongo, na hali nafsi yake ni ileile.

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya kwanza. Jina linadai kusema rangi, lakini kinachouzwa kwa hakika ni nasaba: kwamba kipande hiki kimekatwa katika kile, na kile katika kile cha mwanzo. Nasaba haionekani kwa macho. Wakulima wa okidi wana daftari la machotara linalotunzwa na Royal Horticultural Society ya Uingereza, lakini kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazishughuliki na tofauti zilizo chini ya nususpishi. Matumbawe ya rangi hayana kadhi wala daftari. Kila muuzaji huweza kulivika tumbawe lake jina lililokwisha kupata sifa, au kulipa jina jipya tumbawe la zamani ili bei ipande. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami naongeza kwamba katika soko hili hata chema kimefundishwa kujitembeza.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. "Oregon Tort" ni tumbawe la buluu linalohesabiwa katika spishi ya Acropora tortuosa. Oregon ni jimbo la Marekani lenye pwani ya maji baridi, na halina mwamba wa matumbawe ya kitropiki. Jina hili linalitaja tangi na kuisahau bahari. Huo ndio mwenendo wa biashara nzima. Matumbawe ya mawe yote yamo katika Nyongeza ya Pili ya mkataba wa CITES, na yanapovuka mipaka huhitaji kibali chenye jina la kitaalamu na nchi yalikotoka, iwe Indonesia au Australia. Yakishafika dukani, karatasi hiyo huwekwa kando na jina la peremende hushika nafasi. Mwamba uliokatwa na mpiga mbizi aliyekata hawana hata herufi moja katika jina hilo.

Wataalamu nao hukosea, ila wana pa kurejea. James Dana aliitaja Acropora tenuis mwaka 1846 kwa mfano uliotoka Fiji. Kwa miaka mingi jina hilo lilitumika kila mahali, hata kwa "Walt Disney" la madukani. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kuwa lile la mashariki ya Australia lililokuwa likiitwa tenuis ni spishi nyingine, wakalirudishia jina Acropora kenti. Kosa liliweza kusahihishwa kwa kuwa jina lilikuwa limefungwa kwenye mfano na mahali. Tena tumkumbuke Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763 na ambaye maandishi yake yalitolewa mwaka 1775. Alipokuwa Bahari ya Shamu aliyachukua majina ya samaki ya Kiarabu akayatia katika Kilatini. Lutjanus bohar na Scarus ghobban, ambao wavuvi wetu pia huwatoa majini, wanabeba mpaka leo majina hayo ya Kiarabu. Jina la namna hiyo lina deni na linalikiri.

Kasoro ya tatu inanigusa kuliko zote. Mwaka 2020 Elena Bollati, Jörg Wiedenmann na wenzao walieleza kwa nini baadhi ya matumbawe, joto la bahari linapoyasumbua, hayapauki kuwa meupe bali huwaka rangi kali. Vijimea vikipungua, mwanga huzidi ndani ya mwili, na mnyama huongeza zile protini zake kama mtu ajifunikaye kanga juani. Kwa hivyo mng'aro mkali huweza kuwa kilio. Sisemi kwamba kila tumbawe ling'aalo katika tangi ni mgonjwa. Nasema kwamba sanaa ya kutaja inayojua kusifu rangi peke yake haina njia ya kutofautisha arusi na matanga.

Nisimalize bila ya kuigeuzia kalamu nyumba yetu. Washairi wa pwani wameisifu marijani kwa karne nyingi, lakini marijani hiyo ni kito chekundu cha shingoni, kilichokwisha kufa na kusuguliwa. Tumbawe hai, ambalo juu yake wanawake huchokoa pweza wakati wa bamvua, tumelitaja kwa uchache. Mwaka 1998 na tena mwaka 2016 joto liliyapausha matumbawe ya bahari yetu, na diwani ngapi zilishughulika nalo? Tunawacheka watu wa matangi kwa kuliita tumbawe peremende, nasi ukuta wa nyumba tumeukata humo na hatujampa jina.

Rai yangu kwa watungaji ni nyepesi kuisema na ngumu kuitenda. Jina la tumbawe na libebe mambo matatu: mwamba lilikotoka, mwanga lilipoonekana, na mkono uliolitoa. Nendeni maji yakitoka, mtazame kwa mwanga wa jua, mwaulize waendao huko kila bamvua wao huliitaje, ndipo mrudi kuandika.