Pongezi kwa Walimu Wapya wa Mbagala

Walimu wanaopangiwa vijijini husifiwa sana, na wanastahili. Leo nawapongeza wanaoanzia kazi Mbagala, Manzese na Tandale, kwenye shule za serikali za Dar es Salaam zilizofurika. Michango ya lazima ya shule ilipofutwa Januari 2016 watoto walimiminika. Madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Sera inataka wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa msingi. Huko Mbagala, 45 ni darasa la siku ya mvua.

Chuoni mwalimu hufundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Kumaliza lundo la madaftari kabla zamu ya mchana haijaingia, hilo analijulia kazini. Nimemwona mmoja, vidole vyeupe kwa chaki, akimshika mtoto mkono ili "b" isigeuke "d", huku darasa zima likiimba silabi nyuma ya kiranja aliyeshika fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Kelele tupu, ungesema. Lakini yule mtoto aliandika "baba", akacheka.

Hongereni sana, walimu wetu. Madawati tunaendelea kuwadai wakubwa.