Mbao Zilizokwenda Vitani Mara 213

Ukitaka kuielewa ndege LR503, anza na seremala, rubani atafuata. Ilikuwa Mosquito ya kampuni ya de Havilland, ndege nyepesi ya mabomu ya Uingereza, na kiwiliwili chake kilikuwa cha mbao tangu pua hadi mkia.

Kiwiliwili hicho kiliundwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja juu ya kalibu yake. Tabaka la kwanza lilikuwa plaiwudi nyembamba ya mti wa birchi. Juu yake ikalazwa balsa, mti mwepesi mno kutoka Ekwado, kisha plaiwudi tena. Gundi ilipokwisha kupakwa, mikanda ya chuma iliyabana matabaka yote mpaka yakashikana. Sasa tazama busara ya mafundi: nusu hizo zikiwa bado wazi kama ganda la karanga lililobanjuliwa, walipitisha nyaya na mabomba kwa nafasi, bila mtu kujikunja gizani. Ndipo zikaunganishwa. Bawa nalo lilikuwa kipande kimoja, ncha hadi ncha, mita 16 na nusu. Ilihofiwa kwamba vita vingeleta uhaba wa alumini, lakini mafundi wa samani walikuwapo tele, na mikono yao ilizoea kiungo kisichoonekana.

Mosquito hii haikubeba bunduki. Ilibeba watu wawili tu na injini mbili za Merlin; ngao yake ilikuwa mbio.

LR503, iliyoitwa Freddie kwa herufi F ubavuni, iliingia vitani mwaka 1943 katika kikosi cha 109, baadaye kikosi cha 105. Kazi yake kubwa ilikuwa kutangulia na kudondosha taa za kuonyesha shabaha. Iliongozwa na mawimbi ya redio: rubani alifuata mkondo wa kituo kimoja, nukta au vistari masikioni vikimjulisha amepotoka upande gani, mwenzake alisubiri kituo cha pili kimpe ishara ya kuachia. Mawimbi hayo hunyooka ilhali dunia imepinda, kwa hiyo ndege ilipaswa kuruka juu sana ili iyapate. Hapo ndipo wepesi wa zile mbao ulipolipa. Mabomu yaliyofuata taa hizo yaliua watu wengi, na ufundi haufuti hilo.

Safari ya 213, na ya mwisho, ilikuwa Leipzig, tarehe 10 Aprili 1945. Baadaye Freddie ilipelekwa Kanada kuonyeshwa kwa wananchi. Tarehe 10 Mei, siku mbili baada ya vita kukoma Ulaya, iliruka chini mno juu ya uwanja wa ndege wa Calgary, ikagonga mlingoti na kuanguka. Rubani Maurice Briggs na mwongoza njia John Baker walifariki. Mbao na gundi hazikuwa na lawama. Hakuna ndege nyingine ya mabomu ya Mataifa Washirika iliyofikisha safari nyingi kiasi hicho.