Ufundi wa Kuandika Draiva

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa: kibodi, printa, kamera, kadi ya mtandao. Mara nyingi huwa ndogo, lakini mahali inapofanyia kazi ni pazito. Programu ya kawaida ikikosea hufungwa yenyewe, nyingine zikaendelea. Lakini draiva nyingi za mfumo endeshi wa Linux hukaa ndani ya kiini cha mfumo, na kosa moja la anwani ya kumbukumbu laweza kuisimamisha kompyuta nzima. Ndiyo maana katika ufundi huu uangalifu hutangulia wepesi wa akili.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, ni shule nzuri kwa sababu msimbo wa kiini chake u wazi kwa kila msomaji. Mwanafunzi huanza na kifaa cha herufi, yaani kile kinachopokea na kutoa baiti kwa mfuatano. Kifaa hicho huonekana kama faili ndani ya /dev, nacho hutambulishwa kwa namba mbili: namba kuu huelekeza kwenye draiva, na namba ndogo hutofautisha vifaa vinavyohudumiwa na draiva hiyo. Namba za /dev/null, kwa mfano, ni 1 na 3.

Draiva kama hiyo huwa moduli, yaani kipande cha msimbo kinachopakiwa ndani ya kiini, na kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya C, ikiwa na fanksheni ya kuanza na ya kuondoka. Jedwali liitwalo file_operations hueleza kifanyike nini faili ikifunguliwa, ikisomwa, ikiandikiwa au ikifungwa. Anwani inayoletwa na programu ya mtumiaji haiaminiwi hata kidogo; baiti huvushwa kwa copy_to_user na copy_from_user, ambazo hurejesha idadi ya baiti zilizoshindwa kuvuka.

Uzuri wa kazi hii huonekana zaidi mambo yanapoharibika. Tuseme fanksheni ya kuanza imepewa namba, ikapewa kumbukumbu, kisha ikanyimwa laini ya ukatizaji, ambayo kifaa hutumia kukiita kiini. Haiwezi kujiondokea tu. Hurudisha kumbukumbu, kisha namba: kilichochukuliwa mwisho hutangulia kurudi. Utaratibu huo huandikwa kwa goto, amri ambayo wanafunzi wengi hukatazwa darasani. Ndani ya kiini amri hiyo ina heshima yake, na inastahili, kwani hakuna namna iliyo wazi zaidi ya kuonyesha kwamba kila deni limelipwa.

Usakinishaji ni mfupi. Moduli hukompailiwa kwa faili za vichwa za toleo lilelile la kiini, na tokeo lake ni faili ya .ko. Amri ya insmod huipakia, dmesg huonyesha ujumbe wake, rmmod huiondoa. Matoleo yasipolingana, kiini huikataa. Amri ya modprobe huenda mbali zaidi: hupakia pia moduli nyingine zinazohitajika, kwa kufuata orodha iliyoandaliwa na depmod. Majaribio yafanywe kwenye mashine pepe, ili kiini kikianguka kazi nyingine isipotee.

Kitabu cha Linux Device Drivers cha Jonathan Corbet, Alessandro Rubini na Greg Kroah-Hartman, toleo la 3 la mwaka 2005, husomwa bure mtandaoni. Baadhi ya fanksheni zilizomo zimekwisha kubadilishwa. Kwa hizo, rejea ya kuaminika ni msimbo wa kiini chenyewe.