Sifa za Fundi Amplifaya

Kipimo changu cha fundi amplifaya ni balbu. Fundi aliyeiva haichomeki mashine iliyoungua moja kwa moja kwenye umeme. Huunga kwanza balbu ya nyuzi, ya wati 60 au 100, mfululizo na amplifaya, ndipo awashe. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na umeme unaishia kwenye balbu bila kuunguza kitu kingine. Ikiwaka kidogo wakati kapasita zinajaa, kisha ikafifia mpaka ukabaki wekundu tu kwenye nyuzi, mashine imepona. Kifaa chenyewe ni holda iliyopigiliwa kwenye kipande cha ubao. Fundi asiyekuwa nacho simpelekei hata redio ya mkononi.

Nayasema haya kwa sababu malipo ya korosho yakishaingia, hapa Nanganga hakosekani mtu anayetaka muziki wa maana nyumbani, na siku hizi hakosi pia kusikia habari za amplifaya za valvu zinazosifiwa Ulaya na Marekani. Anauliza: nichukue ya valvu au ya transista?

Valvu ni ile chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani yake nyuzi hupashwa moto mpaka elektroni ziruke kuelekea bamba lenye volti mia mbili na zaidi, na katikati kuna wavu unaoziachia au kuzibana kwa kufuata sauti inayoingia. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeutia wavu huo, mwaka 1906. Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell, hukohuko Marekani. Inafanya kazi ileile ndani ya kipande cha madini kisichozidi ukucha, bila kioo na bila nyuzi za kupasha.

Kwa watu wetu uamuzi ulishatolewa zamani, na aliyeutoa ni betri. Mwaka 1949 Harry Franklin, ofisa wa serikali huko Lusaka, alifanikisha kutengenezwa kwa redio ya bei nafuu kwa Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ilikuwa ya buluu, ya mviringo kama sufuria, na ndiyo maana ikaitwa Saucepan Special. Bei yake pauni tano, betri mbali. Ilikuwa na valvu nne, na valvu hazishibi haraka. Betri yake ilikuwa mzigo wa kubeba na gharama ya kurudia. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, mkulima wa uwanda wa Makonde angehitaji chombo cha namna hiyo ili kuisikia. Wachache waliweza.

Ndipo zikaja redio za transista, za betri chache ndogo, mtu anatembea nayo begani. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili usafi, maji na choo, sehemu kubwa yao wakiwa vijijini kusikokuwa na umeme. Valvu isingeifanya kazi hiyo hata kidogo. Miaka hiyohiyo FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa wakitangaza kupitia Redio Tanzania, na mtu aliyesimama Newala pale Shimo la Mungu, akiutazama mto Ruvuma chini, angeweza kuwasikia kwenye chombo alichokishika mkononi.

Hata hivyo tusiwaonee wapenda valvu. Wana hoja. Valvu ikizidiwa haikati wimbi la sauti ghafla, bali hulipinda taratibu, na sikio linalisamehe. Transista ikizidiwa hukata kilele cha wimbi bapa, na hapo ndipo spika inapokwaruza na mama mwenye nyumba anaomba ipunguzwe. Tena amplifaya nyingi za valvu haziishiki spika kwa nguvu sana, kwa hiyo bezi huvimba kidogo. Wengi huupenda uvimbe huo na kudhani ndio ukweli wa muziki.

Lakini mashine nzuri isipozidiwa, tofauti hupungua kuliko inavyosimuliwa. Mwaka 1978 jarida la Uingereza la Wireless World lilichapisha matokeo ya jaribio la James Moir: amplifaya moja ya valvu, Quad II, na mbili za transista, 303 na 405 za kampuni ileile, zilisikilizwa bila wasikilizaji kujua ipi inapiga. Hawakuweza kuzitofautisha kwa uhakika. Na anayesema mkwaruzo wa transista hauna utamu hajakesha kwenye mchiriku, ule muziki wa mitaani wa Dar es Salaam. Jagwa Music, ambao albamu yao Bongo Hotheads ilitoka mwaka 2012, walijijengea jina kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyosukumwa kwenye amplifaya na spika zilizochoka. Mkwaruzo ule ni sehemu ya ngoma.

Kwetu kuna jambo lingine zito: umeme. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tumetumia umeme wa gesi ya Mnazi Bay, peke yetu, nje ya gridi ya taifa, na nyaya hadi huku ni ndefu. Jioni volti zikishuka, nyuzi za valvu hupoa na sauti hunyauka. Anayetegemea sola ndiyo kabisa. Valvu nne za EL84, ambazo ni za kawaida kwa amplifaya ndogo ya nyumbani, hula karibu wati 19 kwa kupasha nyuzi tu, kabla hujasikia neno. Kwa betri ya gari na IC 4440 moja, yaani transista nyingi ndani ya kipande kimoja, fundi anakupa wati sita kila upande. Valvu ikifa, mpya nyingi zinatoka Urusi, Slovakia au China, na hakuna basi la Masasi linaloishusha hapa njia panda.

Transista nazo zina balaa lake, la bandia. Zile kubwa za Toshiba, 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, zimeigwa kupita kiasi. Kwa nje maandishi yanafanana. Fundi akipewa mzigo asiouamini, hutoa moja kafara: anaivunja plastiki kwa koleo na kuangalia kipande cha madini ndani. Akikuta kichembe kidogo mahali panapotakiwa kipande kipana, anaurudisha mzigo wote kwa mwenyewe bila ugomvi. Mimi nikiangalia koleo likishuka huwa naumia kwa ajili ya ile iliyovunjwa, maana huenda ndiyo pekee iliyokuwa halali.

Ufundi wenyewe lakini uko kwenye transfoma. Transfoma iliyoungua haitupwi. Fundi hung'oa mabati yake moja moja, hufungua koili na kuhesabu mizunguko huku akiandika kwenye boksi la sigara. Akikuta minne kwa kila volti, ameshamaliza hesabu: upande wa umeme unataka mizunguko 920 kwa volti 230, upande wa amplifaya, 96 kwa kila mkono wa volti 24, na anaongeza michache kufidia kinachopotea mashine ikibeba mzigo. Anasuka safu kwa safu, karatasi katikati, kisha anapaka vanishi na kuiacha ikauke vizuri. Hapo hapigi simu wala hasalimii, kwa sababu akipoteza hesabu anaanza upya. Ukimwomba, atakutolea waya wa pembeni kwenye mzunguko wa 800, uwe na swichi ya jioni volti zikiwa 200. Ni lazima ukumbuke kuirudisha umeme ukipanda, la sivyo mtaonana tena.

Vijana wengi hawajifunzi kazi hii. Sabufa ya dukani ikifa, huwekewa bodi nzima mpya, au hutupwa, na anayehesabu mizunguko anaonekana mtu wa zamani. Wakati huohuo mashine aliyoisuka inapiga mwaka wa tano kwa kinyozi, na sabufa ya jirani imegeuka kuwa meza ya kuwekea chaji za simu.

Basi jibu langu kwa mwenye pesa ya korosho ni hili. Ukiwa na umeme usioyumba, fedha za ziada na mapenzi ya kweli na taa zile nyekundu, chukua valvu, hutajuta. Kwa nyumba nyingi za Nanganga, Masasi na Newala, chukua transista, iliyotumika, yenye transfoma nzito. Mlipe fundi aisuke upya na kubadilisha kapasita zake, na usimkatie bei. Spika ya pili ingoje msimu ujao.