Filamu Inafichua, Jina Linaficha

Picha za mpiga picha Richard Mosse za Kivu, mashariki mwa Kongo, zikitajwa, mjadala huanzia kwenye rangi ya waridi na kuishia hapo hapo. Nimechoka. Rangi ile haikuwa kosa. Kosa lake Mosse aliliandika kwa herufi, kwenye kibandiko kando ya picha, na miaka zaidi ya kumi baadaye watu bado wanapita mbele yake bila kusimama.

Tuchukue "Men of Good Fortune" ya 2011, ambayo wengi mnaikumbuka: milima ya Kivu Kaskazini iliyogeuzwa waridi, malisho yanayopanda na kushuka, watu wadogo katikati ya ukubwa wote huo. Sisi wa Gisenyi milima ya namna ile hatuhitaji kutambulishwa. Panda mlima Rubavu asubuhi isiyo na ukungu, utawaona ndugu zake ng'ambo ya mpaka. Mosse mwenyewe ameeleza kuwa mahali pale palikuwa msitu, na kwamba waliokuwa wakilima na kuwinda humo walisukumwa polepole na wafugaji waliokata miti ili ng'ombe wapate majani. Wapo watakaoipinga simulizi hiyo, na wana haki, maana ardhi ya Kivu haijawahi kuwa na msimuliaji mmoja. Lakini utabishana vipi na picha ambayo haisemi inazungumzia nini? Maelezo yale aliyatoa pembeni, kwa wanaomhoji. Ukutani aliweka jina la wimbo wa Lou Reed kutoka albamu ya "Berlin" ya 1973.

Wimbo wa Lou Reed! Na haikuwa mara moja; tazama majina mengine ya picha zake. "Nowhere to Run" ni wimbo wa Martha and the Vandellas, wa 1965. "Vintage Violence" ni albamu ya John Cale. "Safe from Harm" ni Massive Attack. Najua utetezi: ni kejeli, ni kumshtua mtazamaji anayeona uzuri mahali pa vita. Sawa, lakini kejeli hufanya kazi kwa anayejua pande zote mbili za mzaha. Mtu wa New York anaujua wimbo na haijui milima. Mtu wa Sake, kule Kivu, anaijua milima na wimbo hajawahi kuusikia. Aliyebaki kucheka ni yule wa kwanza, na anachocheka hakihusu Kivu hata kidogo. Mwanamke anayenunua khanga huikunjua kwanza asome jina, maana jina ndilo litakalosema akiwa amenyamaza. Muuzaji angefuta maandishi na kuchapa maneno ya Kifini, angebaki na mzigo wake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba njia aliijua. Mwaka 2010 alipiga picha ya mwanajeshi akaiita "General Février". Mwaka 2012 akatoa "Lac Vert" na "Platon", majina ya mahali, na dunia haikuanguka. Picha hizo mbili za mandhari zina rangi ile ile, kamera ile ile, ukubwa ule ule, ila mtazamaji anapewa mahali pa kukanyaga. Anayetaka anaweza kufungua ramani, kumuuliza mtu wa huko, kurudi na kubisha. "Men of Good Fortune" inakupeleka dukani kununua sahani ya santuri.

Sasa fikirini filamu yenyewe. Aerochrome ya Kodak, aliyoitumia Mosse, imetokana na teknolojia ya kijeshi. Jani hai hurudisha mwanga wa infraredi kwa wingi, tawi lililokatwa au wavu uliopakwa rangi ya kijani haurudishi vivyo hivyo, na kwa hiyo aliyejificha chini yake huonekana. Kila rangi inasogea hatua moja: kijani kinakuwa buluu, chekundu kinaelekea kijani, infraredi isiyoonekana inakuwa nyekundu au waridi. Maji ya ziwa yanameza infraredi na kuwa meusi. Lava ya Nyiragongo, isiyo na jani, haidanganyiki. Inabaki nyeusi kama tunavyoikanyaga. Filamu nzima ilibuniwa ili kitu kisifichwe. Halafu mpiga picha anaichukua, anahangaika nayo vibaya sana, kisha anavika picha jina la kuficha. Hapo ndipo nisipomwelewa.

Mahangaiko hayo, kwa haki yake, yalikuwa kazi ya fundi: Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009, filamu yenyewe inataka baridi kali, inapakiwa kwenye giza totoro, na mita ya kawaida ya mwanga haioni infraredi, hivyo kipimo ni cha kubahatisha. Na "The Enclave", video yake ya 2013 kule Venice, skrini sita, kamera ya Trevor Tweeten inayoelea na sauti za Ben Frost, ni kazi nzuri.

Nyuso ni habari nyingine. Ngozi kwenye Aerochrome huwa kama nta, na aliyezoea historia ya Kodak hashangai. Ni kampuni ile ile iliyopanga rangi za filamu zake kwa kadi za Shirley, mwanamke mweupe aliyekuwa kipimo cha kila maabara, na ikaanza kurekebisha rangi za giza baada ya watengeneza chokoleti na samani kulalamika. Nimeshayaandika haya, na nitayaandika tena.

Wanaosema jina la picha ni pambo tu wamwangalie msanii Alfredo Jaar, ambaye kwangu bado hajapata mpinzani katika jambo hili. Mchile huyu aliingia Rwanda Agosti 1994, baada ya mauaji ya kimbari, akapiga maelfu ya picha. Mwaka uliofuata, huko Chicago, akaonyesha "Real Pictures": picha zimefungiwa ndani ya masanduku meusi, na juu ya kifuniko maandishi meupe yanaeleza kilichomo. Picha yenyewe huioni. Unasoma, na kusoma kunatosha kukukalisha. Mwaka 1996 akaja na "The Eyes of Gutete Emerita". Maandishi ya kwanza yanakaa sekunde 45, ya pili 30, ya tatu 15. Yanakwambia mama huyu ni nani, kanisa la Ntarama lilikuwaje, aliona nini kikitendwa kwa watu wake. Kisha macho yake yanatokea, na kabla hujajiandaa yameshaondoka. Pale jina la mtu ni nusu ya kazi, labda zaidi ya nusu. Jaar alifukia picha akaacha maelezo juu ya ardhi.

Hata hapa mjini kuna mfano, tena wa bei rahisi. Mwaka 2000, kwenye kituo cha yatima cha Imbabazi cha Bi Rosamond Carr, Mmarekani David Jiranek aliwapa watoto 19 kamera za kutupa: plastiki, lenzi isiyorekebishwa, kasi moja ya shata. Picha moja ya msichana wa miaka minane, ya sura ya mtu, ilishinda mwaka 2001 katika shindano la jarida la picha la Marekani. Jina la picha hiyo ni jina la aliyepigwa picha. Mtoto hakuhitaji santuri ya mtu.

Mosse hajaacha vifaa vya kijeshi. Katika "Heat Maps" alitumia kamera ya joto inayoweza kumwona binadamu kutoka kilomita 30, akaielekeza kwenye kambi za wakimbizi za Ulaya, na mwaka 2017 ikampa Prix Pictet. Soma vibandiko vya huko: "Moria in Snow". "Idomeni Camp". "Skaramaghas". Kambi za Ugiriki zimetajwa moja moja, na hakuna wimbo uliochomekwa. Kambi za Kivu, Mugunga, Kibumba na Kanyaruchinya, nazo zinaandikika kwa herufi zile zile.