Daftari Lenye Matope

Ukipewa daftari la mtoto aliyetoka kuangalia viumbe, usikimbilie picha. Tazama jalada kwanza. Likiwa safi kama lilivyotoka dukani, kazi ilifanyikia mezani.

Halafu tafuta ukurasa wa kunguru. Pwani yetu ina kunguru mwenye kifua cheupe, na yule mgeni wa shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na sasa hakosekani jalalani. Mtoto aliyempaka ndege weusi kuanzia mdomo hadi mkia hakumtazama. Alichora jina lake tu. Huyo kwangu hapati kitu, hata mkono wake uwe mwepesi namna gani. Aliyechora kiazi chenye miguu, lakini akakumbuka ile shingo, ameona.

Kisha vipimo. "Kikubwa" si kipimo. "Kiota cha mnana hakifiki shubiri yangu, mlango uko chini": hapo kuna kazi. Rangi za duka zima si lazima, penseli moja yatosha, na makosa yakatwe kwa mstari mmoja, yasifutwe. Tunataka kuona alipobadili mawazo.

Saa nayo. Kwa anayekwenda ufukweni, ukurasa usio na saa ni nusu ukurasa, kwani maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Akienda saa ileile siku nne mfululizo, mikoko aliyoikuta mikavu ataikuta miguu majini, naye ataanza kuuliza.

Maswali ndiyo dhahabu yenyewe. Niliwahi kushika daftari la msichana wa darasa la nne aliyechora kaa wawili wadogo wa matopeni. Mmoja ana gando moja kubwa kupita kiasi; wa pili yote madogo. Chini akaandika: "Huyu amekatwa?" Mwalimu akapitisha wino mwekundu: "Dume na jike." Jibu ni sahihi, lakini kurasa zilizofuata hazikuwa na swali hata moja. Wino ule ungengoja wiki mbili.

Mwisho, chukua daftari uende nalo mwenyewe. Hesabu hatua alizoandika, tuseme kutoka kisimani hadi kwenye mkoko aliouchora. Ukiufikia, daftari ni zuri. Ukipotea, mrudishie, umwombe akupeleke.